Mkono wa Ndanu

Desemba yote, kila asubuhi kabla ya uji, Kimeu alimsimamisha bintiye Ndanu ukutani na kumwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Miaka hiyo, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa alipimwa hivyo. Akishika sikio, amefikisha umri wa darasa la kwanza. Asiposhika, arudi nyumbani akale ugali.

Sikio halikushikika. Ndanu alikuwa mfupi kama mamake, na mikono nayo ikawa mifupi. Kimeu, ambaye kazi yake ilikuwa kufyatua matofali huko Mumbuni na hakuwa na subira, akamfundisha ujanja: pinda shingo kidogo, sikio likufuate.

"Unafundisha mtoto wizi," mkewe Mukai alimwambia.

"Hata Lenny wa jirani anaingia, na ni kichwa maji. Huyu wangu abaki hapa kufukuza kuku?"

Januari ilipofika, karo ya shule za msingi ilikuwa imefutwa na uwanja wa shule ulifurika watu. Mwalimu Nzisa, mama mnene aliyechomeka kalamu kwenye nywele, alimwita Ndanu. Mtoto akapitisha mkono, akapinda shingo. Mwalimu akamshika kidevu, akamnyoosha. Vidole vikabaki juu ya sikio vikipapasa hewa.

"Nani alikufundisha kupinda hivyo?"

"Baba," Ndanu alijibu hapo hapo.

Foleni nzima ikacheka. Kimeu akasogea mbele.

"Mwalimu, huyu mtoto ako na akili."

"Akili sijapima, nimepima mkono. Mlete mwaka ujao. Anayefuata."

Anayefuata alikuwa Lenny. Sikio alilishika bila shida. Lakini alipoambiwa aingie darasani peke yake, alijitupa chini, akang'ang'ania sketi ya mamake na kulia kama anayechomwa sindano. Mama anamsukuma, mwalimu anamvuta, na Kimeu bado anabishana pembeni. Alipogeuka, Ndanu hakuwa kando yake. Alikuwa amemwinamia Lenny.

"Wacha kulia, kamasi inaingia mdomoni. Kuja tukae pamoja."

Akamshika mkono, wakaingia, wakakaa dawati la mbele. Lenny akanyamaza.

Mwalimu Nzisa akawafuata. "Wewe kasichana, si nimekwambia urudi nyumbani?"

"Nikitoka atalia tena, Mwalimu."

Mwalimu akamwinua ili ahakikishe. Lenny akafungua mdomo wote. Mwalimu akamrudisha Ndanu chini haraka, akachomoa kalamu.

"Baba, huyu anaitwa nani?"

"Kwani mkono umekua?" Kimeu aliuliza akiwa mlangoni, maana kunyamaza hakukujua.

"Utakulia hapa hapa. Jina."

"Ndanu Kimeu."

Lilipoandikwa, Kimeu alienda kusimama dirishani. Wazazi wengine walikuwa wameshaanza kuondoka, yeye bado yuko tu, anatabasamu kama aliyepita mtihani. Ndanu akamwona, akakunja uso.

"Baba, enda kazi. Unatuzibia mwangaza."