Baiskeli Isiyo na Pedali

Beldina hakulia siku ya kunyoa, wafiwa wanaponyolewa nywele kumaliza matanga. Machozi yalikuwa yamemwishia kaburini. Mumewe Lazarus alikuwa amezikwa juzi tu, na leo, kama ilivyo desturi, wazee walikuwa wamekuja kugawa vitu vyake. Shemeji yake Masinde alikuwa ameshatupia jicho baiskeli ya mtoto.

Baiskeli yenyewe ilikuwa kichekesho. Lazarus, seremala wa Shirere, aliichonga kwa mbao, akaitia magurudumu ya matoroli mabovu, na kiti akakishusha chini kabisa ili binti yao Navalayo akanyage ardhi kwa miguu yote miwili. Pedali hakuweka. Mtoto ajisukume kwanza, alisema, ajue kujishikilia asianguke. Akishajua, nitamtilia pedali Krismasi. Watu walimcheka mpaka walipomwona Navalayo akiteremka mlima, miguu juu, wala haanguki. Kisha Novemba homa ikamchukua Lazarus, watu wakijiandaa kupandisha bendera ya uhuru.

"Hii ni mali ya ndugu yangu," Masinde alisema. "Msichana anaolewanga tu. Mimi niko na vijana."

Mtu aliyetoka kupewa shamba la mzungu kule Mautuma, mahindi mpaka macho yachoke, anamnyang'anya yatima vipande vya mbao! Na wazee wale wakaitikia, wakaomba chai. Beldina aliwachukia wote, na hakuificha chuki yake. Masinde akaondoka na baiskeli.

Januari alirudi amefura.

"Shemeji, pedali uliweka wapi? Vijana wangu wanaangukanga tu."

"Haikuwa na pedali."

"Unanificha!"

"Kweli haina, baba mkubwa," Navalayo akadakia. "Unasukuma na miguu, unaangalia mbele. Ikikimbia, unainua."

Masinde akamtazama mtoto, na hasira ikamshuka.

"Basi huyu nitaenda naye. Awafundishe wenzake, halafu nitamrudisha."

Beldina akaziba mlango kwa mwili wake. "Ulichukua baiskeli, sasa unataka na mtoto? Huna haya?" Alikuwa tayari kumfukuza kwa mwiko, majirani waone.

Lakini Navalayo alikuwa ameshaingia ndani, akatoka na gauni lake amelifunga kwenye leso.

"Mama, wacha niende," alisema. "Nikiwafundisha, si nitaipanda kidogo?"

Beldina akampisha.