Mashua ya Ngozi na Bibi Harusi wa Ng'ambo

Jumbe Rabgyal alikuwa na kila kitu siku ile isipokuwa mkwe. Pombe ya shayiri ilikuwa tayari, kondoo wameshachinjwa, kijana wake amevaa hariri huku jasho linamtiririka, lakini bibi harusi mwenyewe yuko ng'ambo ya mto Tsangpo. Kivuko kikubwa cha mbao kilikuwa kimekatika kamba jana yake kikaenda zake na maji ya theluji. Na mnajimu alishasema: mguu wa binti ukanyage ukingo wa huku kabla ya saa sita mchana, la sivyo saa njema nyingine haipatikani mpaka mwakani.

Ndiyo maana jumbe, ambaye akipita karibu na nyumba za wavushaji huziba pua kwa mkono wa joho, alijikuta amesimama mlangoni kwa Thokme. Watu hawa wa ukingoni hula samaki, na mla samaki hapewi kikombe kwenye nyumba za wenye heshima zao. Kuvushwa naye, hapo hakuna mwenye kinyaa.

"Thokme, toa mashua yako ya ngozi. Mkwe wangu anangoja."

"Mashua ipo, mheshimiwa," Thokme alijibu bila kuinuka. "Mabega ndiyo hayapo. Tangu baridi iliyopita hata kunyanyua birika ni kazi."

"Sasa nani atavusha?"

"Mimi," alisema Yudron.

Alikuwa binti pekee wa Thokme, mwenye miaka ishirini na miwili, na wakati huo alikuwa amepiga magoti anapaka siagi kwenye mishono ya mashua ile ile. Jumbe alimtazama, kisha akamtazama baba yake, kana kwamba aliyesema ni kondoo wao.

"Wewe? Mwanamke akishika makasia mto unakasirika. Kila mtu anajua."

"Mto wenyewe umekwambia?"

"Yudron!" baba yake alikemea, lakini sauti yake ilikuwa na kicheko ndani.

Kwa Yudron halikuwa jambo la kucheka. Haki ya kivuko ilikuwa ya nyumba yao tangu kwa mababu, na jumbe alikuwa ameshatangaza kwamba mavuno yakiisha angeitoa kwa nyumba yenye mtoto wa kiume. Baada ya hapo yeye na baba yake wangekuwa ombaomba wa barabarani. Alifuta siagi mikononi akasimama.

"Nikimfikisha bibi harusi kabla ya saa sita, haki ya kivuko inabaki kwetu, na mvushaji ni mimi. Utamke mbele ya watu."

"Mfikishe kwanza, mengine tutaongea."

"Hapana, mheshimiwa. Nikubalie sasa, au uogelee umfuate mwenyewe."

Jumbe alitazama jua. "Haya, haya! Nimekubali! Nenda!"

Mashua ya ngozi haipandi mto kwa makasia, inapandishwa kwa mgongo. Yudron aliibeba kichwa chini, ngozi nne za yaki zilizoshonwa juu ya fito za mti, akapanda na ukingo mpaka juu kabisa penye mawe meupe. Kwa mbali ungedhani kobe ameamua kutembea wima. Thokme alimfuata akikokota miguu.

"Wimbo wote," alimwambia walipofika. "Usiruke hata mstari mmoja, mwanangu."

"Naujua, baba."

"Najua unaujua. Nakwambia kwa sababu mimi ndiye ninayeogopa."

Wimbo huo unausimulia mto mzima. Kule magharibi unatoka kinywani mwa farasi, ndivyo chemchemi yake inavyoitwa, unapita nchi ya mchanga, unapita chini ya Shigatse, unampokea binti yake, mto mdogo utokao Lhasa, kisha unashuka mashariki mpaka kwenye mlima mkubwa kuliko yote ya huko, unageuka ghafla kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na unatumbukia kwenye misitu ambako hakuna mvushaji aliyewahi kuufuata. Watu wa mjini huuimba kwa raha zao. Wavushaji huuimba ili wasife, kwa sababu kila mahali kwenye wimbo pana namna yake ya kuvuta kasia. Kwa farasi unaambaa na ukingo. Kwenye mchanga unavuta kwa nguvu zote. Kwa binti wa Lhasa unauacha mkondo ukubebe. Kwenye mlima unageuza pua ya mashua. Wazee wa Yudron waliikunja safari ya mto mzima wakaiweka ndani ya kivuko kimoja.

Alivuka peke yake akafika salama. Ng'ambo alimkuta Lhakyi, bibi harusi, kichwa kimeelemewa na feruzi na marijani, na Mjomba Wangdu, kaka wa mama yake, mtu mnene mwenye kusimamia kila kitu.

"Hiki ndicho chombo?" Mjomba aliuliza. "Na mvushaji yuko wapi?"

"Unaongea naye."

"Mungu wangu."

Ngozi ikishalowa hulegea, na desturi ni kuianika juani kabla ya kuvuka tena. Siku hiyo hapakuwa na muda wa kuanika. Yudron aliwaambia atavusha watu wawili tu, mizigo isubiri. Lhakyi alipanda na sanduku dogo la unga wa baraka, ule wa shayiri ya kukaangwa uliokandwa na siagi, wa kuwekwa madhabahuni kwa mume. Mjomba alipanda na kasha lake lenye pembe za shaba.

"Kasha libaki, mjomba."

"Humu mna heshima ya ukoo wetu."

"Heshima hiyo ina pembe kali."

Mjomba alilikumbatia akakaa nalo. Jua halikuwa la kubishana nalo, Yudron akasukuma.

Kwa farasi walikwenda vizuri. Kwenye mchanga mkondo uliwapiga ubavuni, mashua ikanesa, kasha likamponyoka Mjomba, na pembe ya shaba ikapenya ngozi iliyolegea. Maji yaliruka kama kutoka kwenye kiriba kilichochanika.

"Tunakufa!" Mjomba alipiga yowe. "Katisha! Nenda moja kwa moja, ukingo ule pale!"

Ukingo ulikuwa karibu kweli, hata nyuso za watu zilionekana. Mikono ya Yudron ilitaka kumsikiliza. Lakini mbele ya ukingo ule lilikuwapo jabali chini ya maji, na wimbo ulikuwa bado Shigatse. Aliogopa, lakini akaendelea kuimba.

"Dada!" Lhakyi aliita. "Nifanye nini?"

"Fungua sanduku lako. Ziba shimo na unga!"

"Unga wa baraka?" Mjomba alisahau kufa. "Ule wa madhabahuni? Kwa mikono ya wala samaki..."

"Kwa mikono yangu," alisema Lhakyi. Alichota konzi mbili za unga na siagi, akaufinyanga, akaubandika kwenye tundu na kuukalia kwa goti lake la hariri. "Mto umeomba sadaka, umepewa. Mjomba, tumia kofia yako, kumba maji!"

Kofia ilikuwa ya manyoya ya mbweha. Mjomba aliitazama kwa uchungu, kisha akakumba.

"Na muimbe!" Yudron aliwaambia. "Wote!"

Basi wakaimba, mmoja anavuta, mmoja amepiga goti, mmoja anakumba maji kwa kofia ya sherehe. Kwa binti wa Lhasa, Yudron aliyanyanyua makasia juu kabisa, na mkondo ukawapitisha pembeni mwa jabali, wakaliona likitoa povu jeupe mkono mmoja tu kutoka walipokaa. Mjomba akazidisha sauti. Walipofika kwenye mlima, Yudron alivuta kasia la kulia kwa mwili wake wote, pua ikageuka, na mto ule ule uliotaka kuwameza ukawasukuma taratibu mpaka mchangani.

Watu walilipuka kwa shangwe, bendera za sala zikatikiswa, kijana wa jumbe akaingia majini na viatu vyake vipya. Jumbe alikuja na kitambaa cheupe mikononi, akampita Yudron bila kumtazama.

"Karibu, mwanangu. Shuka haraka, saa sita hiyo."

Lhakyi hakunyanyuka.

"Baba mkwe, kabla hatujaondoka ng'ambo nilimuuliza huyu dada kwa nini amejitia hatarini. Kaniambia kuna neno ulikubali kulitamka mbele ya watu."

"Ah, hayo ya kivuko! Hayo tutaongea baada ya chakula."

"Basi nitashuka baada ya chakula."

Mnajimu alitazama kivuli cha fimbo yake akaanza kuhangaika. Kijana wa jumbe, maji yakiwa magotini, alisema, "Baba, sema tu jamani!" Mjomba Wangdu, kichwa wazi na kofia ikitiririka maji, aliunga mkono kwa sauti iliyosikika mpaka nyumba ya mwisho: "Mheshimiwa, mimi nimevushwa na wanaume miaka arobaini. Huyu ndiye mvushaji!"

Jumbe aliwageukia watu. Kisha akatamka, kwa sauti kubwa kwa kuwa kivuli kilikuwa kimebakiza unyoya tu kufika saa sita: haki ya kivuko ni ya nyumba ya Thokme, na mvushaji ni Yudron binti Thokme. Hapo ndipo mguu wa Lhakyi ulipokanyaga ukingo.

Thokme alikuwa analia waziwazi wala hajifichi. Yudron naye alilia, huku anacheka, huku anapindua mashua juu ya mchanga ili atazame tundu. Kisha akatoa sindano akaanza kushona.

Jumbe alirudi, safari hii amesimama karibu, na pua hakuziba.

"Shangazi wa bibi harusi na mizigo bado wako ng'ambo," alisema. "Utakwenda sasa hivi?"

Yudron alipitisha uzi wa kano kwenye ngozi, akauvuta ukakaza.

"Nikimaliza kushona, mheshimiwa. Mvushaji ndiye anayesema lini."

Jumbe alitafuta jiwe, akakaa, akangoja.