Pua ya Atumani

Siku maharage yalipoungua, Atumani aliyala yote akalamba na vidole. Mwantum alikuwa amenogewa na mazungumzo kwa jirani, na aliporudi harufu ya sufuria ilimpokea tangu kwenye kona ya barabara. Mumewe alikuwa amekaa pale pale karibu na jiko, akisugua plagi za mashine kwa mswaki mkuukuu, ametulia tuli. Alipopakuliwa alikula, akashiba, akasema leo mapishi yamenoga. Mwantum aliona anafanyiwa dhihaka, akanuna mpaka wakati wa kulala.

Alikuwa na haki ya kununa, kwa sababu pua ya Atumani haikuwa pua ya mchezo. Ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba ile ya mtaa wa Buyenzi. Atumani alikuwa fundi wa mashine za boti kule ufukweni mwa ziwa, Kibenga, na akitaka kujua kama mafuta ya injini yanafaa, hakusoma maandishi ya kwenye dumu. Alidondosha tone kwenye kiganja, akalisugua kwa kidole gumba mpaka lipate joto la mwili, kisha akaunusa mkono. Vidole vilimwambia uzito wa mafuta. Pua ilimwambia kama ni mapya kweli, au ni machakavu yaliyochujwa na kurudishwa kwenye dumu linalong'aa. Wenye boti walimwita Mzee Pua, naye alijifanya halipendi jina hilo.

Nyumbani pua hiyo ilikuwa na kazi nyingine. Mwantum akipita sebuleni amejipaka mafuta yake ya waridi, Atumani alikuwa akisema, bila hata kuinua kichwa, "Leo kuna mutu ametoka kuoga." Maneno yale yale miaka yote ya ndoa, na Mwantum hakuyachoka hata mara moja. Lakini tangu homa iliyomlaza mumewe wakati wa mvua, maneno hayo yalikuwa yamekoma. Mwantum alibadilisha mafuta, akafukiza udi, akanunua manukato makali yaliyomfanya jirani apige chafya. Atumani alikuwa kimya. Sasa mwanamke mwenye mvi na wajukuu ataanzia wapi kumlalamikia mtu kwamba mumewe hamnusi tena? Akabaki na hasira yake.

Ijumaa ya wiki hiyo ya maharage Mwantum alipeleka chakula ufukweni kama kawaida yake. Alimkuta mumewe amezungukwa na watu, na mbele yake amesimama Régis, kijana mpole wa ofisini, mwenye boti nyeupe iliyofungwa mashine kubwa ya mbio. Jumapili Régis alitaka kwenda Rumonge kwa boti hiyo kumleta mama yake, Daphrose, aliyepasuliwa mgongo na asingeweza kuvumilia mashimo ya barabara ya kusini. Miguuni pao palikuwa na madumu mawili yenye jina moja na rangi moja, kila moja limetoka duka lake.

"Nilinunua la kwanza, nikaanza kuogopa," Régis alisema. "Nikatafuta la pili. Sasa ninaogopa yote mawili. Papa Atumani, tuweke gani?"

Hofu yake haikuwa ya bure. Mashine za wavuvi zina subira, hata ukizitendea vibaya zitakohoa na kukufikisha. Mashine ya namna ile huzunguka kwa kasi ya ajabu na kupata joto kali, na mafuta yakiwa yamekwisha nguvu, chuma kitasagana na chuma mpaka mashine ishikane, isizunguke tena. Nayo ikishikana katikati ya ziwa, hakuna wa kushuka kuisukuma, na mgonjwa yumo ndani.

Atumani alidondosha tone la dumu moja kwenye kiganja cha kulia na tone la jingine kwenye kiganja cha kushoto. Alisugua. "Uzito uko sawa," alisema. "Ni uzito wa kufaa moteri hii, na ziwa letu lenye joto." Kisha akanusa mkono wa kulia, akanusa wa kushoto, akafumba macho.

Mwantum aliujua uso ule kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe. Atumani akinusa kitu kibaya, ncha ya pua yake hujikunja kabla yeye mwenyewe hajajua. Leo haikujikunja. Alinusa tena, mara hii kwa nguvu, mkono mmoja baada ya mwingine. Hapo Mwantum akakumbuka maharage, akakumbuka udi, akakumbuka na yale manukato ya chafya. Hasira ya miezi yote ilimtoka mara moja, na badala yake akamhurumia mumewe kiasi cha kutaka kulia mbele za watu. Mume huyu alikuwa amebeba jambo lile peke yake muda wote huo, na sasa alikuwa anataka kubahatisha.

Atumani alikuwa ameanza kuinua mkono wa kulia. Mwantum akajipenyeza katikati ya wanaume na birika lake la kunawia.

"Chakula kinapoa, Baba Khadidja. Leta mikono."

Birika la kunawa halikataliwi, hata na fundi aliye kazini. Mwantum aliushika mkono wa kulia, akauinamia kana kwamba anatafuta uchafu kwenye kucha. Ilikuwa harufu ya sufuria ile ile, ukoko mweusi wa chini kabisa. Akaushika wa kushoto. Huo ulikuwa na harufu nzito ya mafuta mapya, safi, isiyoficha kitu. Akaurudia wa kulia, akausugua kwa sabuni kwa bidii mpaka ngozi ikawa nyekundu, kisha akaweka birika chini.

"Ule mwingine auna uchafu, uko safi," alisema taratibu.

Atumani alimtazama mkewe. Alielewa ni dumu lipi. Alielewa pia kwamba mkewe anajua, na macho yake mwenyewe yakalengwa na machozi.

"Sasa, Papa?" Régis aliuliza. "Gani?"

Njia ilikuwa wazi. Angeinua mkono wa kushoto tu, na angebaki Mzee Pua mpaka dumu la siku nyingine, siku ambayo pengine Mwantum hayupo. Alitazama ndani ya boti. Régis alikuwa amekwisha kufunga godoro dogo kwenye kiti cha nyuma, pa kuegemeza mgongo wa mama yake.

"Régis," alisema, "mi sisikii arufu tena. Tangu ile homa."

"Hata essence ya kwenye tangi?" Régis akauliza kwa sauti ndogo.

"Hata essence. Hata sabuni hii. Aliyenusa ni Mama Khadidja. Muulize yeye."

Régis alimgeukia Mwantum, akavua kofia. "Mama, una hakika?"

"Ile ya kuume iko inanuka kuungua," Mwantum alisema. "Mi niliunguza maharage wiki hii, arufu yake siwezi kuisahau."

Atumani aligeuka ghafla. "Maharage yaliungua?"

"Yaliungua kabisa."

"Na mi nikasema yamenoga!"

Aliyeanza kucheka ni yeye, tena kwa kelele, akishika tumbo kwa mkono uliobaki na mafuta, na shati likachafuka. Wengine wakafuata. Régis, huku akifuta machozi ya kicheko, alilifungua dumu la kushoto na kumpa Atumani amimine, kwa kuwa kumimina, alisema, bado ni kazi ya fundi.

Jumapili walisimama wote wawili ufukweni tangu mchana. Atumani ndiye aliyeisikia boti kwanza, kabla haijaonekana, akasema mashine inaimba vizuri. Kisha wakamwona Daphrose, ameegemea godoro lake, akiwapungia mkono wote waliokuwa ufukweni, hata asiowajua. Mwantum aliupata mkono wa mumewe, akaushika mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jioni, sebuleni, Atumani alikuwa na mswaki wake na plagi zake. Mwantum akapita.

"Mama Khadidja."

"Abee."

"Leo unanukia nini?"

Mwantum alijinusa kwenye bega la kanga, akafikiri, akaona uongo hauna maana tena. "Jasho. Na ndagala zinazoanikwa pale ufukweni. Na mafuta ya moteri ya Régis, kidogo."

Atumani aliendelea kusugua, bila kuinua kichwa. "Leo kuna mutu ametoka kuoga," alisema.

"Bado," Mwantum alijibu, akaenda kuchota maji. Alipotoka kuoga alijipaka yale mafuta ya waridi ya zamani, akaja kukaa karibu naye kuliko kawaida, akaanza kumweleza jinsi yanavyonukia.