Saladi ya Bustani ya Datius

Jumapili baada ya misa, Annastella alikata nyanya, matango na vitunguu kwa ajili ya wageni. Ulikuwa msimu wa maparachichi pale Kamachumu, kwa hiyo sosi aliitengeneza kwa parachichi. Aliliponda mpaka likalainika, akalikamulia limau na pasheni, akatia chumvi na karanga za kukaanga alizozitwanga mwenyewe. Majani ya saladi aliyachuma nyuma ya migomba, kando ya kisima ambamo mumewe, Datius, alikutwa amekufa wakati wa mvua. Walisema aliteleza. Bustani yote ilimwagiliwa maji ya kisima hicho.

Wageni walikuja kwa habari ya shamba. Avit, mdogo wake Datius, alikwisha kuhamia nyumba kubwa ya marehemu, na Mzee Byarugaba, mkuu wa ukoo, alikuja kuliweka sawa jambo hilo mbele ya watu.

Wa kwanza kuionja saladi alikuwa mama mkwe, Kokugonza. Alitafuna, akameza, kisha akasema kwa sauti ya mwanawe marehemu:

"Waitu, limau limezidi."

Datius alizoea kusema hivyo, na ile "waitu" yake ya upole. Kokugonza alijifuta mdomo, akaomba chumvi kwa sauti yake mwenyewe. Annastella alimpa. Alimjua mumewe, hakuwa mtu wa kuishia kwenye limau.

Mzee Byarugaba alijipakulia vijiko viwili. Alipomeza, sauti ile ile ilimtoka.

"Sikuteleza. Avit alinisukuma, akakaa ukingoni mpaka nikanyamaza."

Mtu mmoja aliomba apitishiwe ndizi. Avit, ambaye hakuwa ameigusa saladi, aliendelea kuchambua miiba ya samaki na kuipanga pembeni mwa sahani. Kokugonza aliinamisha kichwa, akala.

Mzee alikohoa, akanywa maji.

"Tumemsikia," alisema. "Ila mambo ya shamba huamuliwa na walio hai. Shamba ni la Avit. Na wewe, mwanangu, usihangaike kwenda kokote. Utabaki humu humu, shemeji yako akutunze."

"Mzee, umesikia alichosema," Annastella alisema.

"Nimesikia. Nimekisema mimi."

Avit alimtazama shemeji yake kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kuanzia kesho utupikie mboga za kuchemsha," alisema. "Mbichi sizipendi."

"Sawa, shemeji."

Wageni waliondoka mapema, mawingu yakiwa yamejikusanya upande wa ziwa. Jikoni, Annastella alikuta saladi kidogo imebaki chini ya bakuli, imeloa sosi. Aliila kwa vidole, haraka, akasubiri. Mdomo wake ukafunguka.

"Ondoka, Ana," Datius alisema kwa sauti ya chini. "Ondoka leo."

Annastella alikuwa na kaka huko Kemondo. Angeweza kupata pikipiki barabarani kabla mvua haijaanza. Alivua aproni. Alipogeuka, Avit alikuwa amesimama mlangoni, na Annastella hakujua alikuwa pale tangu lini.

"Unaongea na nani?"

"Na mume wangu."

"Mwambie tumeshamaliza."

Avit alifunga mlango wa uani, ufunguo akautia mfukoni, akaenda sebuleni, penye mlango wa mbele, kuwasha redio. Annastella alivuta kigoda, akaketi, akaanza kumenya ndizi za jioni.