Bi Ukungu Apewa Jembe

Usiku wa jana niliota nimeajiriwa ndani ya nyanya. Ni ileile iliyobaki kwenye ungo jikoni, yenye doa jeupe utosini, ambayo dada yangu Mwanakombo aliiwekea miadi ya kachumbari ya asubuhi. Dada ana mimba ya miezi saba, na siku hizi anazila nyanya mbichi kama mtoto na peremende. Ukizigusa nyanya zake, tafuta pa kuhamia.

Kazi yangu ilikuwa kumsaidia mlinzi, Mzee Uchachu. Ukimtazama tu, meno yanaingia ganzi. Kuta za mle ndani ni nyekundu, zinapitisha mwanga, na kila mbegu inaning'inia katika maji yake kama taa ya msikitini. Nilivua viatu bila kuambiwa.

Nikamuuliza analinda nini. Akanieleza kwamba nje wanazunguka bakteria, wadogo wasioonekana, mchana na usiku, ila wakisikia ukali wake wanageuza.

"Siku ukiniona nimelainika," akasema, "usikae humu."

Mara hodi inapigwa darini. Ni bibi mwenye mvi kutoka kichwani hadi miguuni, laini kama pamba. Anasema anaitwa Bi Ukungu, anapita tu. Mvi ni mvi. Mzee Uchachu anavua kofia yake, ile ya kijani yenye ncha kama nyota, ananipa nimshikie, anaamkia shikamoo. Bibi anaitikia marahaba, anaingilia palepale kofia ilipotoka.

Akaomba kitu kichachu. Tukampa mtungi, akaumaliza. Tukampa mwingine, nao akaumaliza. Nikamtania kwamba bibi mzima ana hamu za mjamzito. Alipocheka, vumbi la kijani likamtoka mdomoni, kila punje ikapaa polepole kama nyota inayotafuta pa kukaa. Nilisahau hata kufunga mdomo.

Mitungi ilipokwisha, akaanza kumnywa mzee mwenyewe, kwa adabu, akianzia vidoleni. Mzee hakulalamika. Sauti yake ikapungua ukali kidogo kidogo, mwishowe akaniita mwanangu kipenzi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikakumbuka tulivyofundwa: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndani ya nyanya siku ni fupi, ya tatu ilishafika. Nikampa jembe, nikiamini ataaga kama wageni wote wenye haya.

Akalipokea kwa mikono miwili. Akalima.

Akalima sakafu, akalima kuta. Nyuzi nyeupe zikamfuata nyuma kama mizizi, zikapenya kati ya mbegu hadi upande wa pili wa nyanya, kule ambako ngozi ilikuwa bado inang'aa. Na kila aliposhusha jembe, shimo likabaki, na shimoni wakaanza kuingia wale wadogo. Wanaingia, wanasalimiana, na kila anayesema hujambo anakuwa wawili. Wakasalimiana tena. Mzee Uchachu, sasa mtamu kama juisi ya muwa, akawakaribisha wote na kuwauliza habari za nyumbani.

Kisha dunia inatikisika. Kisu kinapita juu yetu kama mto wa fedha, kinaondoa dari pamoja na mvi zote za Bi Ukungu. Kutoka mbinguni nasikia sauti ya dada akijisemea kuwa palipooza ameshakata, palipobaki ni pazima.

Nikampa bibi pole. Hata kichwa hakuinua.

"Wamekata nywele tu," akasema. "Nywele huota. Mie niko huku chini."

"Na hawa wadogo?"

"Hao si wangu. Mie nimefungua mlango tu."

Tukamwagwa kwenye bakuli. Chumvi ikanyesha. Mdomo wa dada ukafunguka juu yetu, mkubwa kama lango la ngome, na nyuma yake, mbali sana gizani, nikasikia moyo mdogo ukidunda. Nikapiga kelele, lakini sauti ilitoka tamu.

Nikaamka. Kulishakucha, na kitu kilikuwa kinanichoma kiganjani. Kikonyo cha nyanya, kibichi, chenye ncha kama nyota.

Nilimkuta dada jikoni na kisu mkononi. Kipande chenye ukungu kilikuwa kwenye maganda. Nyanya iliyobaki inang'aa ubaoni. Nikamwambia asiile. Akaniuliza mzaha wa leo una urefu gani, maana yeye ana njaa ya watu wawili.

"Kikonyo chake kiko wapi, dada?"

"Sijui. Nimeikuta haina."

Nikaokota kile kipande, nikakiwekea kikonyo juu. Kilikaa sawasawa, kila ncha kwenye alama yake.

Dada akakitazama, akanitazama. Kisha akaipasua katikati ile nyanya iliyobaki. Ndani, kati ya mbegu, ulikuwamo uzi mmoja mweupe, umenyooka kama mstari wa jembe.

Akaweka kisu chini, akaenda kunawa mikono.