Siagi ya Jumamosi ya Tatu

Jumamosi ya tatu Kimya aliamka kabla ya wenzake, akafungua friji, akatoa chupa yake na kuitikisa mara moja tu. Hakuhitaji mara ya pili. Malai ya siku sita yalicheza ndani kama maji ya kunawia.

Kimya halikuwa jina lake. Alipewa na wifi yake, dada wa mumewe, wiki ileile alipoolewa, kwa sababu akiulizwa jambo alitazama kwanza vidole vya miguu ndipo ajibu. Nyumba nzima ikalidaka. Hata mumewe, fundi bomba aliyeshinda wiki nyingi kwenye kazi za mbali, akipiga simu alimuulizia Kimya.

Lakini siagi alijua kuitengeneza. Alifundishwa na mama yake mzazi. Maziwa yanachemshwa, yanalala kwenye baridi, asubuhi unaengua malai, ile krimu ya juu, kwa kijiko na kuyaweka kwenye chupa ya mdomo mpana. Kesho yake unaongeza, na kesho kutwa. Siku ya sita unasuka, unaitikisa chupa bila kupumzika. Mwanzoni chupa inapiga chwa, chwa. Kisha malai yanavimba, sauti inakufa, unahisi unatikisa chupa ya pamba. Hapo wengi hukata tamaa. Ukikaza, kitu kinaanguka ndani, pwa, na donge la manjano limejitenga na maziwa yake.

Mwokaji wa mikate wa pale kona aliwahi kuionja siagi yake. Akamwambia alete chupa moja siku ya Jumamosi, kabla ya saa sita mchana. Ikiwa kama ile aliyoionja, kazi ya siagi pale kwenye duka lake la mikate ingekuwa ya Kimya, kila siku ya kazi. Kimya aliyeishia darasa la tano hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba kuna kitu anakijua. Usiku ule hakulala.

Jumamosi ya kwanza alisuka mpaka mabega yakawaka moto, siagi haikuja. Ya pili vilevile. Mwokaji akamwambia, bila ubaya, kwamba atamsubiri Jumamosi moja tu nyingine, maana kuna mtu mwingine anaiomba nafasi.

Mama mkwe alikuwa na jibu lake tangu Jumamosi ya kwanza.

"Siagi haiji kwa mwenye kinyongo, mwanangu. Anayesuka hanuni wala hajibizani. Wewe una jambo moyoni."

Ilikuwa sheria ya jiko lile tangu enzi za bibi yao. Basi wiki mbili nzima Kimya alimeza kila kitu. Aliambiwa anafagia kama kuku anayeparura, akatabasamu. Wifi akamwachia vyombo vya siku mbili, akaviosha huku anatabasamu. Alijitakasa moyo ili siagi ije.

Sasa alikuwa amesimama na chupa yake mkononi, na wifi akatoka bafuni. Kesho yake walikuwa wanakuja watu kumposa, na uso wake uling'aa kama sahani mpya. Chini ya sikio, pale nywele zinapoanzia, palibaki kitu cheupe.

"Wifi," Kimya akasema. "Hapo sikioni una nini?"

Wifi akapeleka mkono haraka. "Losheni."

Kimya akamsogelea, akachota kidogo kwa kidole, akaonja.

"Losheni ya ng'ombe," akasema.

"Aa, wifi, na wewe. Vijiko viwili vitatu kila asubuhi. Na nilikuwa najazia maziwa palepale. Kwani chupa si imejaa?"

Mama mkwe alikuja akifunga kanga yake, akauliza kuna nini. Alipoelezwa, alimtazama binti yake, akautazama ule uso unaong'aa, kisha akamgeukia mkwe wake.

"Mwenzako anaposwa kesho, na wewe unagombania malai?"

Siku nyingine Kimya angelimeza na hilo. Leo hakulimeza.

Alifungua tena friji, akatoa sufuria mbili kubwa, akaziweka mezani. Maziwa ya jana jioni. Juu yake malai yalikuwa yamelala mazito kama blanketi.

"Hayo ni ya wageni," mama mkwe akasema.

"Najua, mama."

Akachukua kijiko, akaengua sufuria ya kwanza yote, akaja ya pili.

"Wewe Kimya, umeingiwa na nini?"

"Wiki mbili naambiwa nina kinyongo. Sikuwa nacho, mama. Nimekipata leo."

Akaisuuza chupa, akajaza, akaiweka dirishani ipate jua kidogo, kwa sababu malai ya baridi sana hayashikani. Alisubiri akiwa amesimama, hakuna aliyethubutu kumwambia akae. Kisha akaanza kusuka. Na akasuka huku anasema. Alisema vyombo. Alisema ufagio. Alisema mabega yake yaliyowaka moto Jumamosi mbili huku mtu anamtazama, anajua, na anajipaka.

"Kwa hasira hizo haiji," mama mkwe akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Tukae tuone."

Chwa, chwa, chwa. Sauti ikafa. Wifi akacheka puani. "Si unaona?"

Kimya akakaza. Jasho likamwingia machoni, hakulifuta.

Pwa.

Kimya akamimina maziwa yaliyobaki kwenye bakuli, akaiosha siagi kwa maji baridi mara tatu mpaka maji yakatoka safi, akaikanda kwa mwiko, akaitia chumvi. Bakuli akalisogeza mbele ya wifi.

"Jipake haya. Hayana kinyongo."

"Na wageni je?" mama mkwe akauliza. "Maziwa ya chai yao yamepungua."

"Jazieni maji, mama. Sufuria itajaa."

Alifika kwa mwokaji saa tano na nusu. Mwokaji akakata siagi kwa kisu, akaibonyeza kuona kama inatoa maji, akaipaka kwenye kipande cha mkate wa moto. Akatafuna taratibu. Akakata kipande cha pili, na hicho hakikuwa cha kujaribia.

"Uje Jumatatu saa moja asubuhi," akasema. "Malai uwe unayakusanya nyumbani, au vipi?"

Kimya hakutazama vidole vyake.

"Friji yako ina kufuli?"

"Inayo."

"Basi yakae hapa," Kimya akasema. "Na ufunguo nikae nao mimi."