Maneno Matano ya Mama Tovuti

Saa nne asubuhi fundi wa maabara alipiga simu ghorofani.

"Mama Tovuti, pampu ya dawa imeganda. Tangi la tatu limeingia klorini mara sita ya kipimo. Tumelifunga, lakini maji yaliyomo mabombani ndiyo hayo yanachotwa. Waambie watu wa mtaa wa juu wasinywe mpaka jioni."

Walimwita Mama Tovuti ingawa hakuwa na mtoto. Tovuti ya shirika la maji ndiyo iliyomlilia kila siku. Aliandika tangazo kwa dakika tatu, akabonyeza. Mfumo ukajibu: *Inasubiri idhini ya Mkurugenzi.*

Mkurugenzi alikuwa makaburini, akimzika mama yake. Simu alikuwa ameizima.

Kosa lilifanyika mwaka jana, siku ya kuchagua mfumo. Mama Tovuti alitaka ule ambao wakuu wawili wowote wangeweza kuidhinisha. Kamati ikamcheka. "Binti, unataka Mzee asome habari za nyumbani kwake kama mpita njia?" Wakachukua ule wenye ngazi, wakamweka Mkurugenzi kileleni. Palikuwa na nafasi ya kujaza jina la msaidizi wake. Wakaiacha tupu kwa adabu. Nani angejiandika mrithi wa mtu aliye hai?

Simu yake ikalia. Mdogo wake, anayekaa mtaa wa juu.

"Dada, maji yananuka dawa. Nimewapigia watu wenu, wamesema salama."

"Usinywe! Waambie na jirani."

"Nimewaambia. Huyu mwenye mapacha kanicheka. Kanionyesha bosi wenu kwenye simu, meno nje, anasema kunyweni. Anachemsha maji ya maziwa ya kopo, dada. Anasema wewe nani umpinge mkurugenzi?"

Chumba cha pili, wapokea simu wawili walikuwa wakisoma kwa zamu, kila mmoja na mteja wake. Sheria yao ilikuwa moja: usimwambie mteja neno ambalo halimo kwenye tovuti. Na ukurasa wa mbele wa tovuti ulikuwa na Salamu za Mkurugenzi: *Ndugu wateja, maji yetu ni safi na salama. Kunyweni bila wasiwasi.*

"Acheni kusoma hiyo!" alipaza sauti.

"Tuseme nini sasa?" mmoja akauliza, mkono juu ya kipaza sauti. "Mwenzetu alijitungia jibu lake mwezi uliopita. Yuko wapi leo?"

Akarudi kwenye kiti. Alitafuta mlango mwingine kama mfa maji. Ulikuwapo mmoja: sahihisho dogo, lisilozidi maneno matano, halikuhitaji idhini. Liliwekwa kwa ajili ya makosa ya chapa. Baada ya kila sahihisho mfumo ulikufungia ukurasa kwa dakika tatu.

Akafungua Salamu. Akafuta *ni safi na salama*, akaandika *yana klorini nyingi*. Akahifadhi.

Kutoka chumba cha pili akasikia sauti ileile tulivu: "Ndugu wateja, maji yetu yana klorini nyingi. Kunyweni bila wasiwasi." Kisha tena: "Hapana kaka, sikutanii. Ndivyo ilivyoandikwa."

Akashika kichwa. Angeanza na sentensi ya pili! Dakika tatu. Akampigia mdogo wake, mdogo hakupokea. Akapiga tena. Dakika mbili. Naibu wa Mkurugenzi akaingia, tai imepinda.

"Nani amemtia Mzee maneno mdomoni, siku anayozika?"

"Mimi."

"Rudisha."

"Rudisha wewe, bosi. Kaa hapa. Unayo maneno matano."

Naibu akakitazama kiti. Akatazama mlango. Hakukaa, wala hakutoka.

Ukurasa ukafunguka. *Msinywe mpaka jioni.* Akahifadhi. Dakika tatu nyingine, akafuta *Ndugu wateja*, akaandika *Wateja wa mtaa wa juu*. Safari hii wapokea simu wote wawili walisoma kwa pamoja, haraka haraka, kama waliofunguliwa kamba.

Mdogo wake akapiga.

"Nilikuwa kwa huyu mwenye mapacha, dada. Ameiona. Amemwaga maji yote, analia." Akavuta pumzi. "Kulwa hajanywa. Doto amemaliza chupa. Anatapika."

"Mpelekeni hospitali. Sasa hivi."

"Tuko barabarani. Daktari atauliza dawa gani, kiasi gani. Nimjibu nini?"

Alinyanyua simu ya mezani kupiga maabara. Naibu akaiwekea mkono.

"Kipimo hakitolewi nje bila idhini," alisema, na sauti yake ikamtoka nyembamba.

"Ya nani?"

Naibu aliutoa mkono, kidole kimoja kimoja. Mama Tovuti alikuwa ameshapiga, simu moja sikio hili, nyingine sikio lile.

"Fundi, nipe tarakimu. Taratibu. Mdogo wangu, andika."

"Sina kalamu, dada."

"Basi shika kichwani. Sema baada yangu."